Zamu Isiyo na Mbalamwezi

Mwezi ukikaribia kujaa, wavuvi wa dagaa wa Mafia huteremsha taa zao nchi kavu. Dagaa hufuata taa gizani. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji taa haivuti kitu, na hakuna nahodha wa kuchoma mafuta kwa kazi ya bure. Siku hizo ukipita ufukweni Kilindoni utawakuta wanashona nyavu, wanatia kalafati, wamelala chini ya minazi mchana kweupe, na waliotoka mbali wamekwenda kuwaona watoto wao. Hakuna anayewaita wavivu. Giza likirudi watakesha tena, usiku baada ya usiku.

Mimi ni daktari, na sehemu kubwa ya kazi yangu kisiwani hapa ni ya usiku. Kuhusu zamu nimejifunza mengi zaidi kwa wavuvi hao kuliko kwa mwaka mzima wa utarajali, ambao ndio tuliambiwa utatufundisha kazi. Mvuvi hahitaji ujasiri ili apumzike. Hamwombi mtu ruhusa, wala hana haja ya kumshawishi tajiri wa chombo kwamba amechoka kweli. Mapumziko yake yamo ndani ya kazi yenyewe, na yanajulikana tangu mwezi unaandama. Sisi tulilelewa tukiamini kwamba mapumziko ni shida ya mtu binafsi, na kwamba anayeyataka ana kasoro.

Kwa wasioijua njia hii: ukimaliza miaka mitano ya udaktari chuoni, unapangiwa hospitali kwa mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Hapo ndipo unapoitwa daktari mtarajali. Unazungushwa idara kubwa, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, na kila idara ina kurasa zake za kusainiwa na wakubwa. Bila saini hizo Baraza la Madaktari Tanganyika halikupi usajili kamili. Nazitaja saini mapema kwa sababu kimya cha watarajali kimejengwa juu yake.

Utarajali wangu niliufanyia bara, katika hospitali ambayo sitaitaja; niliyoyaona pale hayana tofauti na niliyosimuliwa na wenzangu waliopangiwa kwingine. Kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni jina lako liliandikwa chini ya neno "naiti", basi. Saa ya kuanza iliandikwa. Saa ya kumaliza haikuandikwa. Unaingia saa moja na nusu asubuhi, unafanya kazi ya mchana kama kawaida, jioni wenzako wanaondoka wewe unabaki na wodi, usiku unapokea wagonjwa, na asubuhi bosi anafika kwa raundi akitarajia umweleze kila kitanda: nani kaingia, nani katolewa damu, majibu gani yamerudi. Raundi ikiisha kuna kazi za raundi. Ukitoka saa tisa au kumi alasiri unahesabiwa umetoka mapema. Ukipanda daladala unalala umesimama.

Usiku wenyewe sikuuchukia. Usiku una heshima yake: wagonjwa wametulia, ndugu wamelala kwenye khanga zao barazani, na muuguzi mmoja hodari anaweza kukufundisha kuliko kitabu. Kilichonitafuna ni ile asubuhi ya baada yake, kuwa macho wakati akili imekwisha kuondoka. Nilisoma kadi moja mara tatu na kila mara ikawa mpya. Nilisikia simu ikilia mfukoni na simu iko chaji wodini. Kisha likaja jambo ambalo nililiona la ajabu, mpaka nilipogundua kwamba wengi wetu tulikuwa nalo: nilianza kutamani ajali ndogo. Nisife. Nivunjike mguu tu, nilazwe kitandani, nitundikiwe dripu, nipate usingizi ambao hakuna wa kunidai. Nilikuwa naiwaza nikiwa navuka barabara, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayewaza chakula cha mchana.

Baadaye daktari wa akili aliniuliza kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Nikasema hapana, kwa moyo mweupe. Akaniuliza tena kwa namna nyingine: kuna wakati unatamani jambo likupate, ili usilazimike kuamka? Hapo nikakaa kimya muda mrefu. Alijua pa kugusa. Aliniambia nina sonona, na kwamba usingizi wangu umevunjika kiasi kwamba hata likizo peke yake haitautengeneza. Nilimeza dawa kwa miezi kadhaa. Kliniki ilikuwa ya hospitali nyingine, upande wa pili wa mji, na nilijiandikisha kwa jina la ukoo ambalo silitumii kazini. Sikuwa nimefanya kosa lolote, lakini nilienda kwa kujificha.

Kujificha huko kuna sababu mbili, na zote ni za kweli. Ya kwanza ni saini. Mtu wa kumlalamikia ndiye huyohuyo wa kusaini kitabu chako, na ukionekana dhaifu katika idara ya kwanza, habari inakutangulia idara ya pili. Sababu ya pili ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, namba 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kinakwenda kinyume na katiba. Kwetu kipo. Daktari anakijua vizuri kuliko mtu wa kawaida, kwa kuwa ameshaletewa wodini mgonjwa wa namna hiyo akiwa na askari pembeni ya kitanda. Ukishaiona hiyo mara moja, huwezi kumwambia bosi wako kwa urahisi kile unachokiwaza unapovuka barabara.

Watu wazima wa fani yetu wana jibu moja kwa haya yote: sisi tulipita hukohuko. Tulilala kwenye mabenchi, tukala chai na mkate siku nzima, na leo ni mabingwa. Nawaheshimu, na wengine wao ndio walionifunza kushika kisu. Lakini hilo linasemwa na waliovuka. Walioacha kazi, waliokwenda kuuza dawa dukani, waliozama kwenye pombe, hawaitwi kwenye kikao kuja kutoa upande wao. Udaktari ni wito, wanasema pia. Sawa, ni wito, ila sijaona imamu anayeambiwa aswalishe saa thelathini mfululizo.

Zipo hesabu, kwa anayependa hesabu. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kushika usukani. Boston, mwaka 2004, watarajali wa wodi za mahututi waliopangiwa zamu ndefu za jadi walifanya makosa makubwa asilimia 36 zaidi kuliko walipopunguziwa saa. Mwaka 2015 jarida la JAMA lilijumlisha tafiti 54 za madaktari walio mafunzoni katika nchi mbalimbali, watu 17,560: takriban asilimia 29 walikuwa na dalili za sonona. Marekani iliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki mwaka 2003. Kwangu saa 80 bado ni nyingi kupindukia, lakini angalau ni namba. Namba unaweza kugombana nayo.

Nasi tunazo namba, tena nzuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inautambua usiku kwa jina: kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kila saa ilipwe walau asilimia 5 zaidi. Inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na haitaki zamu ya mtu ipite saa 12. Niliwahi kuitaja sheria hii chumba cha madaktari. Nikaambiwa, tena kwa ucheshi, kwamba mtarajali hana mshahara, ana posho, na mwenye posho si mwajiriwa. Tukacheka sote. Nadhani nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Posho yenyewe ina historia. Mgomo mkubwa wa madaktari wa Tanzania wa mwaka 2012 ulianzia kwenye posho za watarajali wa Muhimbili zilizochelewa, ukasambaa nchi nzima, na mwezi Juni kiongozi wa jumuiya iliyousimamia, Dk. Steven Ulimboka, akatekwa na kupigwa, akaokotwa msitu wa Mabwepande. Kila daktari wa rika langu anaijua habari hiyo, na kwa wengi ndiyo iliyofunga mjadala. Ukiyatazama madai ya wakati ule utakuta mshahara, nyumba, bima, posho ya mazingira hatarishi, posho ya kuitwa kazini. Usiku uliletwa mezani kama pesa. Haukuletwa kama usingizi. Kenya mambo yamekwenda vilevile: kati ya Machi na Mei 2024 madaktari wao waligoma siku 56, na suala la watarajali, kupangiwa vituo na kulipwa, lilikuwa katikati ya mgogoro. Septemba mwaka huohuo daktari mtarajali wa kike katika kaunti ya Kiambu alijiua, na chama chao, KMPDU, kikalalamikia mazingira ya kazi. Sababu za mtu kufikia hapo huwa nyingi, na za huyo dada sitajifanya nazijua. Nasema tu kwamba niliposoma habari ile nilizima simu, nikatoka nje, nikakaa.

Wala silaumu wanaodai pesa. Mtarajali asiyelipwa miezi mitatu anakesha na njaa juu ya usingizi. Lakini pesa haimrudishii mtu saa aliyokosa kulala, na mwajiri mjanja hupenda kununua usiku kwa sababu ni rahisi kuliko kuajiri mtu wa pili.

Mafia nilipangiwa na TAMISEMI. Wenzangu walinipa pole. Walihesabu bahari, walihesabu umeme, walihesabu umbali na mabingwa. Hesabu yao haikuwa mbaya. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya 66,000 kwenye kisiwa hiki na visiwa vyake vidogo, Chole, Juani, Jibondo na vingine, na mgonjwa wa Jibondo kwanza apande ngalawa ndipo aonane na gari. Bara, usiku ukikuzidi, kuna pa kumpeleka mgonjwa kwa gari. Hapa rufaa inasubiri kuche: vyombo vya kwenda Nyamisati hufuata maji kujaa, na ndege ndogo za Dar es Salaam ni za mchana. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotupiga, hata kucha hakukutusaidia. Vyombo vilizuiwa kutoka, na tuliokuwemo ndio tuliokuwemo.

Kwa hesabu hiyo nilipaswa kuumwa zaidi. Nililala vizuri zaidi. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini, na jibu halinifurahishi sana. Kisiwani daktari akianguka hakuna wa kumwazima, na kila mtu anajua hivyo, kuanzia mganga mfawidhi mpaka mlinzi wa geti. Mlinzi wetu amewahi kumfukuza fundi aliyekuja kugonga mabati karibu na dirisha langu saa nne asubuhi: "Dokta katoka usiku, nenda kagonge kwingine." Bara, watarajali huja wapya kila mwaka. Akichakaa huyu, barua ya mwingine iko njiani. Usingizi wetu haukulindwa kwa sababu hatukuwa adimu.

Miezi ya kwanza hapa nilikuwa bado silali sawasawa, na watu waliona. Bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake wodi ya watoto alinitazama asubuhi mbili mfululizo, ya tatu akanishika mkono nilipompa shikamoo. "Marahaba, Dokta mwanangu. Wewe hulali. Umetazamiwa?" Alikuwa na mtu wake kijijini kwao, upande wa kaskazini, angenipeleka bila malipo. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza kukaa upande huo wa kisiwa mwaka 1965, ameandika mengi juu ya mashetani wa Mafia na waganga wao, na mimi sina la kuongeza. Sikwenda. Lakini nilihesabu moyoni: mwaka mzima wa utarajali, kati ya mabingwa wote wale, hakuna aliyewahi kunitazama usoni akasema wewe hulali.

Nieleze usiku mmoja, ili msidhani naongelea hisia tupu. Gari la wagonjwa lilifika saa nane usiku kutoka Kanga likiwa na binti wa mimba ya kwanza, ameshapata degedege mara mbili njiani. Kifafa cha mimba. Dawa yake ni magneziamu salfeti, na hapo ndipo usiku unapoingia kwenye hesabu. Chupa iliyopo ni ya asilimia 50. Kwenye mshipa inatakiwa iingie ya asilimia 20. Unavuta mililita 8, unaongeza mililita 12 za maji, unapata mililita 20 zenye gramu 4, unazisukuma polepole kwa dakika zisizopungua tano. Kisha gramu 5 kila tako, bila kuzimua. Mchana hesabu hiyo ni ya mtoto wa darasa la tano. Saa nane usiku, mama anatetemeka, mumewe analia mlangoni, tochi ya simu iko mdomoni, tarakimu zinateleza.

Mkunga wa zamu alikuwa mama mtu mzima, karibu kustaafu. Aliishika chupa mbele ya macho yangu akasema, "Dokta, sema kwa sauti." Nikasema: nane ya dawa. Akarudia: nane ya dawa. Kumi na mbili ya maji. Kumi na mbili ya maji. Hakunisukumia sindano mpaka tumekubaliana wawili. Nilimuuliza baadaye kama ananitilia shaka. "Sikutilii shaka wewe, baba. Naitilia shaka saa nane." Anawafanyia hivyo madaktari wote, na matabibu, na wanafunzi wa uuguzi wanaokuja mazoezi. Tulimpasua binti yule alfajiri, ndugu wawili wakatoa damu, mtoto akalia. Saa mbili kasoro nikakabidhi zamu, na saa mbili na robo nilikuwa kitandani.

Hiyo saa mbili na robo ndiyo ninayoitetea. Wanaokuja kujifunza kazi kwetu nawawekea sharti moja lisilo na mjadala: aliyekesha hafanyi raundi. Anakabidhi kwa mdomo na kwa daftari, kitanda kwa kitanda, kisha anatoka, hata kama kuna kesi nzuri ya kujifunza thieta. Hasa kama kuna kesi nzuri, maana hiyo ndiyo inayowabakiza. Wa kwanza waliona nawanyima elimu. Kijana mmoja alijificha wodi ya wanaume ili asionekane ameondoka. Nilimkuta amesinzia ameegemea stendi ya dripu. Sikumgombeza. Nilimpeleka ufukweni, mwezi ulikuwa umejaa, nikamwonyesha vyombo vimepandishwa vyote, nikamwambia ahesabu walio kazini.

Sharti hilo lina gharama yake, nisijifanye halina. Daktari mmoja akiwa likizo na mwingine akiwa kwenye semina, anayebaki anabeba mchana na usiku, na hapo mbalamwezi yetu inafutika. Ramadhani inakuwa ngumu zaidi: wengi tunafunga, daku iko katikati ya zamu, na usingizi wa mchana unakatwa na jua na kiu. Huwa tunakaa kabla mwezi haujaandama, tunagawana naiti kwa kuangalia nani ana mtoto mchanga, nani anatoka kuugua, nani aliumia Ramadhani iliyopita. Mara nyingi tunakosana. Lakini tunakosana juu ya karatasi, mchana, wote tumelala.

Wiki chache zilizopita alinipigia dada mmoja mtarajali, yuko bara, tulisoma shule moja kwa kupishana miaka. Ilikuwa saa kumi usiku. Alianza kwa kuniuliza dozi ya dawa ya mtoto, nikampa. Hakukata simu. Akaniuliza kama ni kawaida mtu kutamani agongwe na bodaboda.

Nilimwambia si ya kupuuza, lakini si yake peke yake. Nikamuuliza moja kwa moja kama ana mpango wa kujidhuru, akasema hana, nikamuuliza mara ya pili kwa namna niliyoulizwa mimi. Nikampa jina la kliniki iliyo nje ya hospitali yake na siku ya kwenda. Nikamwambia asipande bodaboda akitoka zamu, asilale chini ya saa saba hata kama ni vipande viwili, na amwambie mtu mmoja wa nyumbani, leo, si mwisho wa mwezi. Akasikiliza yote. Kisha akauliza, "Kaka, wakijua, kitabu changu kitasainiwa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hilo siwezi kumwahidi. Nikamwomba namba ya mwenzake wa zamu ya kesho. Ilipofika saa moja asubuhi nikampigia huyo mwenzake, nikajitambulisha, nikamwomba abadilishane naye naiti mbili. Alikubali ya kwanza. Ya pili bado tunaitafutia mtu.